Watoto wa Sista

Tulimzika shangazi yangu huko Bomeni, Taveta, Jumamosi iliyopita, na watu walipokwisha kula nikajikuta nimechuchumaa kando ya mfereji wa maji ya migomba, nasugua sufuria za matanga kwa jivu na mchanga. Aliyekuwa amechuchumaa karibu yangu ni Saru, binti wa marehemu. Sote wawili tumeshavuka sitini, magoti yetu yanalia tukiinuka na yanalia tukikaa, lakini ukoo wetu haujali magoti: wanawake wa nyumba ndio wanaosugua sufuria. "Mwalimu, hebu nisogezee hiyo kubwa," akaniambia. Mwalimu! Majirani wananiita hivyo, na watu kanisani, na vijana niliowachapa wakiwa wadogo wananiita hivyo wakinisalimia barabarani Mwatate. Sawa, nimefundisha maisha yangu yote. Lakini Saru alilala nami kitanda kimoja, miguu yake kwenye mashavu yangu, na hakuna mtu aliye hai anayelijua jina langu la Mghoi kuliko yeye. Mtu wa namna hiyo akikuita kwa cheo chako ujue amekuwekea kiti, tena amekiweka mbali. Nikamsogezea sufuria. Tukasugua. Na tangu nilipofika kwangu sijafanya kazi yoyote ya maana isipokuwa kuufikiria mwaka mmoja.

Kwa nini nililelewa na shangazi wala si kwetu, sitaeleza. Walionizaa walilala zamani, niwaache walale. Mwaka ninaousema ni ule tuliokuwa darasa la saba, miaka ya sabini mwanzoni, tukikaa kwenye nyumba za reli pale Voi. Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja na kibaraza. Kitanda cha wakubwa kilikuwa upande wa dirisha, chetu upande wa mlango, na katikati palikuwa na pazia la kitambaa cha maua ambalo lilizuia macho lakini halikuzuia neno lolote. Jiko lilikuwa nje, la mabati, limegusana na jiko la jirani yetu Mama Mutua, Mkamba aliyeuza maharagwe sokoni na aliyezungumza na sisi kupitia mabati bila kuona haja ya kuja kubisha hodi. Vumbi jekundu lilikuwa kwenye shuka, kwenye chumvi, kwenye Biblia. Maji ya bomba la reli yalikuwa ya chumvichumvi, ukipika nayo chai unaijua ni chai ya Voi kabla hujaimeza. Tulikula vizuri, lakini. Mume wa shangazi, ambaye sote tulimwita Baba Mwadime kwa jina la kifungua mimba wao aliyekuwa kazini Mombasa, alikuwa gadi wa treni ya Taveta, na kila aliporudi alishuka na mkungu wa ndizi au samaki wa Ziwa Jipe waliofungwa kwenye majani. Jumapili shangazi alisonga kimanga, mihogo na maharagwe, mpaka jasho likamdondoka puani, na alipomaliza alilijaza bakuli langu kwanza, kisha la Saru. Hilo nililiona tangu mwanzo. Saru pia aliliona.

Sista alikuwa sungura wa Saru. Mpishi wa misheni alimpa akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia, na kwa kuwa alikuwa mweupe mwili mzima ila kichwa cheusi kama kitambaa cha watawa, jina lilijileta lenyewe. Saru alimjengea kibanda cha mbao za makasha na waya, akakiegemeza kwenye ukuta wa nyumba mahali penye kivuli, na kila jioni alimletea matembele na majani ya kunde aliyoyaokota sokoni chini ya meza za kina mama. "Huyo Sista wenu anakula kuliko askofu," Mama Mutua alikuwa akisema. Sungura yule alikuwa na kiburi, niwaambieni ukweli. Watu hudhani sungura ni kiumbe cha woga. Sista alikuwa akiunguruma kama paka na kupiga mguu wa nyuma chini, du, du, mtu yeyote alipotia mkono, na mimi aliniuma kidole siku ya kwanza na akaendelea na desturi hiyo. Saru tu ndiye aliyemshika. Alikuwa akitia mkono polepole huku akimsemesha maneno ya kipuuzi, habari za shule, nani kachapwa, nani kajikojolea, na sungura anatulia anasikiliza umbeya. Nilikuwa nawaonea wivu wote wawili.

Habari ikaja kwamba mama yake Baba Mwadime, yule bibi wa Bomeni, ameteleza kwenye ukingo wa mfereji na kuvunjika nyonga. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Mimi na Saru tulikuwa tumejilaza kitandani kwetu na vitabu vya hesabu vifuani, tumbo limejaa, joto limetushika, na wakubwa nyuma ya pazia walidhani tumelala.

"Anahitajika msichana wa kumwosha na kumpikia," Baba Mwadime alisema. "Mpaka asimame tena."

"Wasichana wapo wawili."

"Wapo. Sema wewe."

Tukasikia kijiko kikizungushwa ndani ya kikombe kwa muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

"Mghoi siwezi kumtuma," shangazi akasema. "Ni mtoto wa kaka yangu. Nimpeleke akamwoshe mama yako, watu wa kwetu mlimani watasema nini? Kwamba nilimchukua yatima nikamfanya yaya wa wakwe zangu? Na mama yako mwenyewe hatakubali kuvuliwa nguo na mtoto asiye wake. Atasema huyu si damu yangu."

"Na mtihani wa Saru?"

"Si atarudi? Mifupa huunga."

"Mifupa ya mzee, Mama Mwadime?"

"Basi niambie wewe nifanye nini! Haya, niambie!"

Nimeyapima maneno yale miaka yote hii nikitafuta mahali shangazi alipokosea, na sijapaona. Kwa mila zetu alisema sawa kabisa. Mtoto wa kaka aliyekufa ni amana. Ukimtumikisha kwa upande wa mumeo umeutukana ukoo wako wote, walio hai na walio chini. Wa kwako mwenyewe unaweza kumpunja, kwa sababu ni wako. Basi alimpunja wa kwake, na aliyefaidika ni mimi, niliyekuwa nimelala pale na shibe yangu. Nilingoja Saru alie. Hakulia. Aligeukia ukutani akasema kwa sauti ndogo, "Umesikia? Mimi ndiye damu."

Aliondoka na treni ya baba yake wiki hiyohiyo. Asubuhi yake alinipeleka kwenye kibanda. Sista alikuwa amepelekwa kwa dume la mpishi wa misheni siku za nyuma kidogo, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, jambo lililompa Mama Mutua furaha isiyo na kiasi. "Sista ana mimba! Mungu wangu, padri yuko wapi?" alikuwa akipiga kelele kupitia mabati, na sisi tulikuwa tukianguka kwa kicheko. Asubuhi ile hatukucheka. Saru alinionyesha kasha la majani ya chai alilolikata mlango, akanionyesha nyasi kavu alizozikusanya. "Atazaa nikiwa huko. Wewe mpe chakula na maji, basi." Halafu akanishika mkono. "Mghoi, sikia. Shule endelea nayo. Kitanda, lala katikati ukitaka. Lakini hawa ni wangu. Nikirudi nataka niwakute wazima."

"Utawakuta."

"Apa."

"Haki ya Mungu tena, Saru."

Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa nimeapa na nilikuwa na nia ya kutimiza, na zaidi ya nia nilikuwa na haja: kwa kuwa nilikuwa nimechukua kila kitu kingine, nilitaka hiki kimoja akipate mikononi mwake kikiwa kizima, nimwambie haya, chukua, mimi si mwizi. Kitandani sikulala katikati. Niliendelea kulala kwenye ukingo wangu na nikawa naamka shingo imekakamaa kwa kuuachia nafasi upepo. Shuleni mwalimu alipouliza Saru yuko wapi nilisimama nikasema, "Ameenda Bomeni kidogo." Aliuliza tena wiki iliyofuata, nikasema vilevile. Halafu akaacha kuuliza, na dawati la watu wawili likawa langu peke yangu, nikawa naweza kutanua viwiko nikiandika. Alama zangu zikapanda. Nasikitika kusema hivyo, lakini zilipanda.

Sista alizaa alfajiri moja ya upepo. Siku mbili kabla alikuwa akitembea na nyasi mdomoni kama mzee mwenye sharubu, akazipanga ndani ya kasha, akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani mpaka ngozi ya waridi ikaonekana. Nilidhani anaumwa nikamwita shangazi, naye akasimama mikono kiunoni akatazama, akasema, "Anawatandikia watoto kwa mwili wake. Tazama wewe! Hata sisi hatufanyi hivyo." Watoto walikuwa saba, ndani ya yale manyoya, bila nywele, macho yamefumba, wanatikisika wote kwa pamoja kama maharagwe yanayotokota. Nilipoinamisha kichwa kuwaona, Sista alinirukia. Si kuuma tu. Alinijia na makucha ya mbele, akinguruma, akanichana kifundo cha mkono. Shangazi akacheka. "Mwache mzazi!" akasema. Laiti tungemwacha.

Kilichotushinda ni kwamba hakukaa na watoto. Sisi tumewajua kuku: kuku hulalia, anatanua mbawa, ukimsogelea anakupiga mdomo. Mbuzi humlamba mtoto mpaka asimame. Huyu Sista alikuwa akitoka kwenye kasha, anakwenda kukaa kona ya mbali ya kibanda, kutwa nzima, anatafuna majani na kuwapa watoto mgongo. Niliporudi shuleni saa ya chakula yuko konani. Jioni yuko konani. Nilichungulia kila nilipopata nafasi na sikuwahi kumkuta amewanyonyesha hata mara moja. "Amewakataa," nikamwambia shangazi, na nusu nalia. Siku hizi najua, mtu yeyote aliyefuga anajua: sungura huwaendea watoto kwa kitambo kidogo, giza likiwa bado halijaondoka, anawanyonyesha haraka, anawafunika, anajitenga, ili mnyama mwenye njaa asifuate harufu yake mpaka kwenye shimo. Kukaa mbali ndiyo ulinzi wake. Anawalinda kwa kujifanya hana watoto. Lakini nani angetuambia? Na angetuambia, tungeamini?

Shangazi alifikiri kidogo akaamua kwa busara yake ya kawaida kwamba mzazi huyu anataka kutunzwa kama mzazi. Kwetu mwanamke akijifungua anafungiwa ndani karibu na moto. Mlangoni linatundikwa gunia ili jicho la nje lisimfikie, na yeye ananyweshwa uji wa moto na hagusi kazi mpaka apate nguvu. Basi tulimfanyia Sista hivyo. Tulilibeba kasha na watoto wake tukaliweka jikoni, kando ya mafiga. Tukatundika gunia mlangoni. Shangazi alikoroga uji mwembamba wa wimbi akautia kwenye kifuniko cha mkebe. Mama Mutua alipotaka kuja kuona alikatazwa. "Kwani ni mtoto wa mfalme?" akauliza kwa mabati. "Ni wa Saru," shangazi akajibu, na sauti yake haikuwa ya mchezo. Kisha, kwa kuwa Sista hakutaka kuingia kwenye kasha, ikawa kazi yangu kumshika kwa nguvu juu ya watoto wake, asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi, mikono yangu imevishwa soksi za reli za Baba Mwadime, yeye akipiga mateke na kunguruma, mimi nikimwambia nyonyesha, nyonyesha wewe mnyama, hawa si wangu! Moshi ulikuwa ukituchoma macho sote. Alipiga mguu chini mchana kutwa, du, du, du, mpaka shangazi akawa anakoroga ugali kwa mdundo huo bila kujijua. Na watoto wakaanza kufa. Wa kwanza nilimkuta amekuwa baridi karibu na moto. Wawili mama yao aliwakanyaga nikiwa nimemshika mimi mwenyewe. Mwingine alikauka tu, tumbo limeingia ndani. Niliwazika nyuma ya choo nikavaa sare nikaenda kufanya hesabu za asilimia.

Waliposalia watatu shangazi aliacha kuzungumza habari za uji. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha umoja wa akina mama na kiti chake cha mbele, lakini alikuwa Mdawida kabla hajawa chochote, na sisi Wadawida, mnaotuita Wataita, tuna jambo letu linaloitwa kutasa. Mtu uliyemkosea akiwa na kinyongo moyoni, hasa jamaa yako, hasa mwenye haki juu ya kitu, kinyongo kile kinaweza kukudhuru hata kama yeye mwenyewe hakukusudia. Si uchawi, msichanganye mambo. Ni moyo tu umefura. Na dawa yake si mganga. Dawa ni yule aliyeudhika achukue funda la maji, au la maji ya miwa, alipulize nje kama ukungu huku akitaja mema: hasira na itoke, watoto wakue, nyumba ipoe. Hakuna anayeweza kumfanyia. Na akifanya kwa mdomo tu na moyo umebaki vilevile, haisaidii kitu.

Alilisema kwa mumewe mezani, mbele yangu safari hii, hakuficha. "Mtoto yule aliondoka na moyo mzito. Namjua, nimemzaa. Leo ni sungura. Kesho atakuwa huyu hapa na mtihani wake."

"Mama Mwadime, sungura hufa."

"Mlete. Siku moja tu. Mama yako atakaa na jirani."

Baba Mwadime alinitazama. Alikuwa mtu mpole, aliyezoea kutazama mabehewa yakipita. Nilidhani ataniuliza jambo, nikainamia sahani yangu. Kipande cha samaki kilikuwa kikubwa kuliko vyote na nilikila mpaka mwiba.

Saru alikuja na treni iliyofuata, amebeba miwa mitatu begani na amekonda. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa sabuni ya kufulia. Alinisalimia vizuri tu. Alipolifunua gunia na kuingia jikoni alisimama kidogo macho yakizoea moshi, akaona kasha kando ya mafiga, akaona kifuniko cha uji kilichokauka, akaona soksi. Hakuuliza wengine wako wapi. Aliinama, akamchukua Sista, na Sista akatulia mikononi mwake kama mtoto aliyefuatwa shule. Wakati ule walikuwa wamebaki wawili. Saru aliwabeba kwa kasha lao mpaka kibandani nje, akawarudishia manyoya juu yao, mengine akayaokota jikoni moja moja kwenye majivu, akamfungia mama yao nao, akaning'iniza kanga yake mbele ya waya. "Msiwaguse," akasema. Ndilo neno pekee aliloniambia mchana ule, nalo alilisema kwa wote.

Baada ya chakula shangazi alituketisha kibarazani. Alikuwa ameponda muwa mmoja kwenye kinu, ameukamua, maji yake yako kwenye kikombe cha bati. Alizungumza kwa utaratibu, bila kumlaumu. Alisema mwanangu, najua ulivyotendewa. Alisema ningeweza ningejigawa mara mbili. Alisema bibi yako hapati nafuu na huenda mwaka huu ukapita hivi, na mwakani tutaona. Nilimwona Saru anasikia neno hilo, mwakani, kwa mara ya kwanza. Kisha shangazi akasema, "Lakini kilicho moyoni usikiache kikaiharibu nyumba. Tasa, mama. Ututakie mema. Wewe na mwenzako." Akampa kikombe.

Saru alitia maji yale kinywani. Mashavu yakajaa. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, magoti yanakaribia kugusana, na badala ya kugeukia uani kama inavyopasa alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu. Kupitia mabati tukamsikia Mama Mutua akipepeta maharagwe. Nilidhani ninatazamwa na hasira, nikaipokea kama mtu anayepokea kiboko, nikaangalia chini kwenye ukili wa mkeka. Halafu nikasikia koo lake. Alimeza. Alimeza yote, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Saru!" shangazi akasema.

"Nilikuwa na kiu, mama."

Shangazi hakumlazimisha, kutasa hakulazimishwi, hilo ndilo lenyewe. Alichukua kikombe, akamwaga mashapo uani, akaingia ndani akakaa nyuma ya pazia mpaka treni ya kurudi. Wale watoto wawili waliishi. Walifumbua macho, wakaota manyoya, mmoja kichwa cheusi kama mama yake, na walipoachishwa Baba Mwadime aliwapeleka Bomeni ndani ya kikapu pamoja na Sista mwenyewe, kwa kuwa Saru aliagiza hivyo. Mimi nilifanya mtihani. Nilifaulu, nikapata nafasi ya sekondari, kisha chuo, kisha chaki mkononi miaka yote ile. Bibi wa Bomeni aliishi miaka mingi kitandani, na aliyemgeuza ni Saru. Hiyo mwakani haikuja. Yeye akawa muuza ndizi soko la Taveta, akaolewa, akazaa, watoto wake wawili nimewasaidia karo na naona haya kulitaja. Kila heri iliyonifikia niliipokea nikiwa nimekaza mabega, nikingoja kinyongo kile kinipate. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka nilisema ndicho. Mume wangu alipougua nilisema ndicho. Nimekuwa mwanamke mtu mzima, msomi, mwenye kusimama mbele ya darasa na kufundisha sayansi, na moyoni nikimhesabia Saru kila jeneza.

Kwa hiyo Jumamosi, pale mferejini, sufuria zikiwa zimebaki chache na watu wengine wakiimba uani, nilimuuliza. Nilimwambia, "Saru, ile siku ya maji ya miwa. Ulikuwa umenikasirikia kiasi gani?"

Aliacha kusugua. Nilidhani amesahau, watu husahau, kisha nikaona anajaribu kutocheka.

"Hasira? Hasira ilikuwa kwa mama, na kwa bibi na nyonga yake. Wewe nilikuwa nakungoja tu."

"Uliningoja nifanye nini?"

"Useme." Alichota maji, akaisuuza sufuria, akaigeuza ikauke. "Nilikutazama nikasema, huyu ni Mghoi, sasa hivi atasema. Atasema Saru baki, zamu hii nitapanda treni mimi. Mama angekataa, hata mimi nilijua. Angepiga kelele, na mimi ningeenda tu vilevile. Lakini ungekuwa umesema, na mimi ningeyapuliza. Nilingoja mpaka mashavu yakaniuma."

Akaniwekea mkono begani ili ainuke, maana magoti, akachukua sufuria mbili akaenda nazo uani. Sikumfuata. Maneno hayo nilikuwa nayo siku ile kwenye mkeka, yamekamilika, neno kwa neno kama alivyoyasema. Nilikuwa nayo tangu Jumapili ile ya nyuma ya pazia. Yeye anadhani sikuyafikiria, na nimemwacha adhani hivyo. Niliyafikiria. Niliyazuia kwa sababu niliogopa shangazi angekubali.